Zimwi Halina Mama

4 Februari

Konokono mdogo wangu,

Sisi huku wazima, ukiacha goti langu la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Shemeji yako anakusalimu. Tangu astaafu amekuwa akinifundisha namna ya kuosha vyombo, kazi ambayo yeye mwenyewe hajawahi kuifanya. Mpwa wako amepata kazi hospitali, anashinda maabara akichungulia damu za watu, na nikimuuliza habari za kazi ananiambia ni siri ya mgonjwa. Nimezaa ukuta. Wifi yangu hajambo? Na wale pacha, bado wanang'ata?

Najua utasema mbona sikupiga simu. Simu ni ya kuulizia bei ya vitunguu. Hili nataka ulishike mkononi, ulisome, uliweke chini, ulisome tena.

Miwani amerudi.

Juzi nakwenda gazetini kupeleka safu yangu, nikakuta bango limefunika jengo zima, kutoka paani mpaka kwenye duka la viatu. *Bonde la Chumvi* inatengenezwa upya, na sasa inaitwa *Bonde la Chumvi: Mwamko*. Siku hizi filamu isiyo na nukta mbili haihesabiwi kuwa filamu. Pembeni yupo mwongozaji mwenyewe, mvi kichwa kizima, na miwani yake nyeusi ambayo haivui hata msibani. Chini wameandika: BABA WA HOFU.

Baba! Nikasimama pale mpaka muuza viatu akadhani nataka kununua.

Nisikilize, maana hii ndiyo kazi yangu na ninaijua. Filamu ile ilikuwa kubwa, na nitakayemwambia uongo juu ya hilo hajazaliwa. Watafiti wanachimba chumvi, wanakuta kitu kimelala ndani ya mwamba tangu kabla ya binadamu, wanakipasha moto kwa udadisi tu, kama mtoto anayechokoza nyigu. Basi. Zimwi lenyewe hatulioni. Tunaona mkono, kivuli, ngozi inayometameta ukutani. Na tunalisikia. Wote waliotoka sinemani wakitetemeka walitetemeshwa na ule ukelele, na ule ukelele ni mama yetu.

Wewe ulikuwa mdogo, nikukumbushe. Mama alikuwa mshonaji pale studio. Ngozi ya zimwi aliishona yeye, kwa mpira wa matairi na mapazia ya zamani. Sisi tulicheza uani, kwenye mapango ya mbao, na giza likianza kuingia alifungua mlango wa nyuma akatuita, sauti ikafika mpaka kwa wauza magazeti ng'ambo ya barabara. Unaikumbuka sauti yake? Mimi siikumbuki. Maneno ninayo, sauti imekwenda. Ninachokumbuka ni mnong'ono, kwa sababu Miwani alimwingiza kwenye tangi tupu la maji akamwambia apige ukelele. Tena. Tena. Mchana kutwa, mpaka damu ikaja mdomoni. Alitoka mle na mnong'ono, akaishi nao mpaka tulipomzika.

Kisha yule bwana akayaambia magazeti kwamba sauti ya zimwi aliitengeneza mwenyewe, kwa ngurumo ya simba, upepo, na bati lililokwaruzwa kwa tindo. Akapewa tuzo. Mama alimfuata ofisini akiwa amenishika mkono. Hakutaka kitu ila neno moja. "Sema tu kwamba ni mtu," akanong'ona. Miwani akacheka, akamfungulia mlango: "Bibie, zimwi halina mama."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Onyesho la kwanza ni mwisho wa Julai, hapa mjini, na mimi nina safu inayosomwa na watu wanaonichukia, ambao ndio wasomaji waaminifu kuliko wote. Nitamchuna ngozi hadharani. Wewe ni mchanganya sauti, unajua mitambo. Niandikie kitaalamu kwa nini simba hawezi kulia vile.

Dadako,
Kiberiti


19 Machi

Dada Kiberiti, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Huku tumehama nyumba. Mwenye nyumba wa zamani alitaka chumba cha mwanawe anayeoa, na mwenye nyumba mpya ana mbwa anayebweka kwa sauti ileile kila mara, nadhani amekariri. Pacha wameacha kung'ata, sasa wanadanganya. Mke wangu anasema wamerithi kwa shangazi yao. Pole na goti. Mwambie shemeji vyombo vioshwe kwa maji ya moto, aanze yeye.

Mimi nipo na masikio yangu, kwenye kile chumba kisicho na dirisha. Kazi ipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili kama ulivyoagiza. Ila dada, hizi za kisasa huzitendei haki. Juzi nimeona moja, kuna mashine inamtunza bibi kizee katika chombo kinachokwenda nyota ya mbali. Bibi anakufa mapema, na mashine haikufundishwa kifo. Inaendelea kumlisha, kumgeuza, kumsimulia hadithi. Hakuna zimwi, hakuna damu, na nilitoka nje kutafuta jua. Na zile za zamani zako zina aibu zake. Umesahau ile ya daktari aliyejipandikiza jicho la pweza? Zipu ya pweza ilionekana mgongoni. Tulicheka mpaka mama akatufinya.

Wewe unaipenda *Bonde la Chumvi* kwa sababu unaichukia. Filamu nyingine zote umezipimia hiyo, ndiyo maana hazitoshi.

Habari ya simba: sijui kama alikuwepo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba ule ukelele una kioja. Unaanza kwa kuvimba polepole, unakua, halafu unakatika ghafla kama mlango uliobamizwa. Kiumbe mwenye mapafu halii hivyo. Hulia kinyume chake: huanza kwa nguvu, kisha pumzi inamwishia. Ndiyo maana mwili unashtuka kabla akili haijajua kwa nini.

Zaidi ya hapo sina la kusema kwa sasa. Makala yako ingoje kidogo.

Mdogo wako,
Konokono


27 Machi

Konokono,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na mke wako mwambie uongo wa pacha umetoka kwa baba yao, kwani barua yako yote ni mtu anayepita pembeni mwa shimo akisifia maua.

"Ingoje." Ingoje nini? Miwani afe kwa heshima, azikwe kwa hotuba? Mama alingoja maisha yake yote. Mimi kungoja nimekufuzu na vyeti ninavyo.

Na kuhusu hizo za kisasa, ngoja nikupe haki yako kidogo halafu nikunyang'anye. Ile ya bibi na mashine nimeiona, ni nzuri, ninakiri. Lakini moja haifanyi msimu. Wengine wote wanaamini hofu ni suala la kuona vizuri. Wanakuonyesha zimwi meno, wanakuonyesha ufizi, wanakuonyesha mate yanavyodondoka tone kwa tone, kompyuta imehesabu kila unyoya. Hofu ni mlango uliofungwa, Konokono. Hawa wanaung'oa na bawaba zake, kisha wanashangaa mbona hatuogopi. Wazee walikuwa na zimwi baya la mpira, wakaona aibu kulionyesha, na ile aibu ndiyo iliyokuwa sanaa. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Miwani alimjua mama vizuri sana. Hakummaliza, alimbakizia mnong'ono.

Makala nimekwisha kuianza. Naanza na tangi. Namaliza na mlango wa ofisi. Mhariri wangu ameisoma akafungua dirisha, akaniuliza, "Mama, ushahidi uko wapi? Huyu mtu ana mawakili." Nikamwambia ushahidi ulikuwa kooni mwa mtu na sasa uko kaburini. Akasema kaburi halitoi ushahidi gazetini kwake.

Kwa hiyo nakuuliza wazi, na ujibu wazi. Ule mkanda wa sauti wa zamani uko wapi? Ninyi watu wa masikio mnajuana. Nani anao?

Kiberiti


30 Mei

Kwako wewe,

Tuko wazima. Salamu kwa mke na watoto, ambao hawana kosa.

Miezi miwili umenyamaza, nikadhani unaumwa. Nikataka kupanda basi nije, na goti hili. Kisha jana nimekaa na kijana mmoja wa kampuni inayotengeneza *Mwamko*, amekuja gazetini kugawa picha za matangazo. Ananisifia sauti ya filamu. Anasema wamempata fundi mzuri sana, mtu wa mbali, mkimya, mkanda wa zamani kapelekewa yeye ausafishe ukelele uleule wa asili, maana Miwani hakutaka mwingine. Nikamuuliza jina la studio. Akalitaja.

Nikacheka. Kijana akadhani nimefurahi.

Ulikuwa nao. Nilipokuuliza nani anao, ulikuwa nao mezani kwako. Unamsafishia Miwani ukelele wa mama! Unampigia mswaki! Alimnyonga mara moja kwenye tangi, na sasa mwanawe mwenyewe anamtia manukato ili anyongwe tena kwa mitambo ya kisasa, spika kila ukuta.

Nimejaribu kukutetea moyoni. Nimesema ana watoto, amehama nyumba, kazi ni kazi. Haikushuka. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukigombwa unajikunja chini ya meza ya cherehani mpaka wakubwa wamalize. Mama alikuita Konokono kwa sababu unachelewa, mimi nilijua ni kwa sababu ya lile gamba.

Makala itatoka na ushahidi au bila ushahidi. Na wewe umo.

Dada yako, kwa bahati mbaya


12 Juni

Dada, shikamoo.

Huku wazima. Pacha wana surua, wanapona.

Ni kweli. Mkanda ninao, kazi nimeifanya, na sikukuambia. Ungejua wewe, mji mzima ungejua kabla ya wino kukauka. Hilo si tusi. Ndiyo maana mama alikuita Kiberiti.

Nakuomba jambo moja. Ukikataa, sitakulaumu. Makala usiichape kabla ya onyesho la kwanza. Kata tiketi, au tumia kitambulisho chako cha gazeti, uende. Usikae nyuma kama wakosoaji mnavyofanya ili mkimbie mapema. Kaa katikati, mstari wowote, ila katikati.

Baada ya hapo andika utakalo, na mimi uniweke kichwa cha habari.

Chini ya meza ya cherehani nilikuwa sijifichi. Nilikuwa nasikiliza.

Konokono


5 Agosti

Konokono,

Sijui nianze wapi, mimi ambaye sijawahi kukosa pa kuanzia. Tu wazima. Shemeji yako ameosha vyombo jana kwa hiari yake. Aliponiona nilivyorudi nyumbani aliogopa.

Nilikaa katikati. Nilivaa kile kilemba chekundu ili Miwani anione nikimwangalia. Alikuwa mstari wa mbele, kipara kimetoka kati ya mvi, mkewe wa tatu ubavuni. Kabla taa hazijazimwa akapanda jukwaani, watu wakasimama kumpigia makofi, mimi nikakaa kwa mbwembwe zote nilizo nazo. Akasimulia tena. Simba. Upepo. Bati na tindo. Alikwishaisimulia mara nyingi mpaka nadhani sasa anamkumbuka huyo simba kwa sura. Binti mmoja wa redio akamuuliza, "Mzee, na zimwi lilizaliwaje?" Akatabasamu: "Binti yangu, zimwi halina mama." Ukumbi mzima kicheko.

Nikaishika kalamu kama kisu.

Filamu ikaanza. Nisikudanganye, ilikuwa mbovu kwa namna ya kutia moyo. Chumvi inang'aa kama vito vya harusi. Watafiti wote wazuri wa sura, hakuna anayetoka jasho mgodini. Zimwi tukaonyeshwa mapema mno, kidole kwa kidole. Nikawa naandika gizani, nimejaza matusi ya kutosha mwezi mzima. Kisha yule mtafiti wa kike akabaki peke yake kwenye ushoroba wa chumvi, taa yake ikafa, picha ikawa nyeusi tupu. Nikajua sasa ndipo. Nikakaza tumbo kuusubiri ule ukelele unaovimba na kukatika.

Haukuja.

Akaja mama.

Mzima, Konokono. Sauti nzima, ya kabla ya tangi, nzito kidogo, ina kicheko kwa ndani kama kawaida yake akijifanya amekasirika. Ikatoka kuta zote nne. "Kiberiti! Konokono! Njooni ndani, giza limeingia! Na viatu mvue mlangoni!"

Nakuandikia ukweli kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Nilisimama. Sikufikiri. Nilipita kwenye magoti ya watu, nikasukuma mlango, nikajikuta nje kwenye korido, miguu mitupu, viatu mkononi, navikung'uta mchanga. Mwanamke wa umri wangu. Viatu vya ngozi visivyo na mchanga. Mlinzi akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia, "Naitwa."

Nikalia pale mpaka akaniletea kiti.

Na ndani kulikuwa kunalipuka, nasikia mayowe, nasikia makofi, nasikia mtu anapaza sauti. Nikataka kurudi, nikabaki pale nimevikumbatia viatu. Unaelewa maana yake? Tangu ule mlango wa ofisi naishi nikiisubiri siku ya kuuona uso wa yule mtu akisikia. Nimeukosa. Uliniwekea meza, nami nikaitwa nyumbani kabla sijala.

Ulifanyaje? Kwa nini alikuwa akituita sisi? Na wewe sasa watakufanya nini? Jibu upesi, kwa mara moja maishani mwako.

Dada yako


21 Agosti

Dada Kiberiti, shikamoo.

Tu wazima, pacha wamepona. Kazini nimefukuzwa, hilo nalianza mapema lisikusumbue. Nina masikio mawili na kuna studio nyingine.

Mikanda ya zamani, dada, huhifadhiwa mkia mbele. Ukimaliza kuucheza huurudishi nyuma, unauacha hivyo, na anayeuchukua baadaye lazima aurudishe kwanza. Kila fundi anajua. Mimi siku ile nilikuwa na haraka, mbwa wa mwenye nyumba kaninyima usingizi, nikaupachika ulivyo nikabonyeza. Ukacheza kinyume. Nikasikia naitwa.

Nilikaa sakafuni. Ndipo nikaelewa. Siku moja walikuwa wakirekodi mlango wa nyuma ukiwa wazi, mama akatuita kama kawaida, kipaza sauti kikamdaka. Miwani akaugeuza, na huo ndio ukelele wote. Sisi, tukiitwa tukale, kinyumenyume. Hakuwa na zimwi lingine.

Za kwenye tangi zimo pia, mkanda mwingine. Nimezisikiliza zote mpaka mwisho, kwa sababu mtu fulani alipaswa kuzisikiliza. Hakuna hata moja aliyoitumia. Koo la mama alilichana bure. Sikukuambia mapema kwa sababu ungemuua, na mimi nilitaka awe hai.

Basi nikasafisha nilichoagizwa, nikawapelekea, wakasifu. Na nakala ya mwisho, ile inayokwenda kwenye kumbi zote, nikaiacha inyooke.

Siku ya onyesho nilikuwepo. Fundi hutumwa kupima sauti ya ukumbi. Nilikuwa chumba cha mitambo, juu ya kichwa chako. Nilikiona kilemba chekundu, nikakiona kikiinuka na kwenda. Nilitaka kushuka. Lakini mmoja wetu alipaswa kubaki aone.

Alivua miwani. Kwa mara ya kwanza nimeyaona macho yake, ni madogo, ya mtu wa kawaida. Hakutazama pazia. Aligeuka nyuma, akautazama mlango, ule uliotokea wewe, na mikono yake ikapanda kuziba masikio kama mtoto aliyekutwa jikoni. Kisha akapaza sauti, "Zimeni! Zimeni!" Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho. Wakamshangilia.

Sasa sikia utamu wake. Magazeti yote yamesema hakujawahi kutisha kitu kama zimwi linaloita watoto kwa sauti ya mama. Wanamwita mwerevu wa karne. Kampuni imenifukuza mimi na kuubakiza mwito, maana kumbi zinajaa. Na kila mwenye kipaza sauti anamuuliza swali lilelile: Mzee, ni nani yule mwanamke? Akisema kwamba hamjui, filamu ni ya nani? Akikubali, aseme ni mtu. Mke wangu anasema amefuta mahojiano yote, hata sokoni dereva wake anakwenda peke yake, kwa sababu watoto mitaani wakiliona gari wanaita: "Kiberiti! Konokono! Njooni ndani!"

Mpelekee mhariri wako mikanda yote miwili. Inakuja na kifurushi hiki, imefungwa kwa kanga ya mama. Ila usichape bado. Wiki ijayo amealikwa kwenye redio ya yule binti, na hiyo hawezi kuikwepa, ameahidi hadharani. Mwache akae. Mwache aulizwe. Mwache aseme kwamba ni simba.

Akishasema, chapa. Na jina la mwandishi uweke lile alilokupa mama. Mjini kote wanalijua sasa.

Mdogo wako,
Konokono